Mgomba Tuliouzika kwa Jina la Skola

Mdogo wangu Scolastika tulimzika mwezi wa nane mwaka 2004. Mwezi wa tano mwaka 2021 akashuka kwenye gari la hospitali mbele ya nyumba yangu, kashika kifurushi cha nguo mkono mmoja na karatasi mkono wa pili, akaniambia, "Shikamoo, dada." Nikashindwa kuitikia.

Naandika habari zake mimi mwenyewe, Notburga, kwa sababu wenzangu waliokuwepo wengine wamekufa na waliobaki wanajifanya wamesahau. Mimi sijasahau. Nilisoma mpaka darasa la saba kwa masista, nikatoka wa pili, na mwandiko wangu hata leo katibu wa kijiji akiuona anauliza nani kaandika. Mtaona mbele mwandiko huo umefanya kazi gani.

Skola alikuwa kitinda mimba. Mimi wa kwanza, yeye wa mwisho, katikati yuko Pankras na wengine wawili waliotangulia mbele ya haki, mmoja wao Leopold. Nilikuwa nimeshaolewa alipozaliwa. Baba alikuwa Mmatengo wa huku juu, mama alitoka Lipingo, ziwani, na Skola alifuata watu wa mama: mweusi wa kung'aa na mwenye mdomo. Hakuna aliyemshinda maneno. Wala hakuna aliyemshinda kuchimba ngolo. Asiyetujua aelewe: sisi tunalima milimani, na tukilima kama watu wa tambarare mvua moja inalipeleka shamba mtoni. Mwanamume anafyeka majani na kuyalaza yakatane kama madirisha. Mwanamke anachimba katikati ya kila dirisha, na udongo anaumwaga juu ya majani. Shamba zima linakuwa mashimo, maji yanatulia humo, majani yanaoza chini kwa chini. Mashimo ya Skola yalilingana utadhani kayapima kwa kamba. Jerome, mumewe, alimpendea shambani, si kanisani kama alivyokuja kusema baadaye.

Walifunga ndoa mwaka 1994. Mtoto wa kwanza hakukaa. Wa pili, Gaudiosa, alizaliwa 1997, na wiki ya pili baada ya kujifungua Skola akaacha kulala. Mwanzoni tulidhani ni furaha. Anafagia uwanja saa zote, anaimba, anamwogesha mtoto mara sita kwa siku. Kisha akaanza kusema mtoto si wake, wake kabadilishwa. Siku aliyotoka na mtoto akielekea mtoni ili amrudishe kwa wenyewe, Jerome na Pankras walimkamata wakamfungia kwenye stoo ya kahawa, hapa uwanjani kwangu.

Miezi minne. Stoo haina dirisha. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji, nausukuma chini ya mlango, na bakuli nikilikuta tupu nasema Mungu mkubwa, leo kala. Walikuja waganga wawili na mzee mmoja wa maombi, wote wakala kuku wetu. Mwishoni sista mmoja akatuambia kuna hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili, mbali, safari ya siku mbili. Pankras alimpeleka mikono imefungwa kwa kanga. Kanga ilikuwa yangu.

Mwaka 1999 Pankras alikwenda kumwangalia, mara moja. Aliporudi nikamwuliza, "Amesemaje?" Akanijibu, "Hajitambui yule. Hakumwuliza mtu." Basi, hakwenda mwingine tena. Mara mvua, mara mavuno, mara msiba. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake.

Mwaka 2003 dereva mmoja wa lori la mahindi akaleta habari. Kule hospitali amekufa mwanamke wa Mbinga, jina Scolastika, na serikali imemzika. Jina la baba hakulijua. Huku kwetu ukiita Scolastika mnadani wanageuka wanawake kumi. Hakuna aliyepanda basi kwenda kuuliza ni Scolastika yupi. Simu hazikuenea kama sasa, lakini barua zilikuwepo, na barua mimi naziandika. Sikuandika.

Nitasema kwa nini, maana nimeshazeeka na sina wa kumwogopa. Tulipumua. Mtu aliye hai mbali anakukaa rohoni kila ukishika bakuli. Mtu aliyekufa unamwombea, unalala.

Na kulikuwa na jambo la Jerome. Alikuwa ameshaanza kuishi na Hilda, wana mtoto mmoja, na wote wawili hawaruhusiwi kukomunika, kupokea ekaristi. Padre wa wakati ule alikuwa mkali: mwenye mke hai hafungishwi ndoa, na kama mke kafa, ushahidi uko wapi? Ukoo ukakaa. Pankras ndiye katekista wa kigango chetu, kanisa dogo la hapa, na neno lake zito. Akasema, "Pasipo kaburi hapana ushahidi." Wazee wakakumbuka walivyokuwa wakifanya kwa mtu aliyepotelea ziwani asionekane: unakatwa mgomba, unavishwa nguo yake, unazikwa, watu wanalia, yameisha. Tukakata mgomba. Tukauvisha blauzi yake ya kijani. Mimi nikaandika barua ya ukoo kwa padre, kwamba Scolastika alifariki kwa malaria. Malaria kwa sababu Pankras alisema kichaa kikiingia kwenye barua kitawafuata watoto. Ukurasa mmoja, sikufuta neno. Msalabani pia jina nililiandika mimi, kwa rangi nyeupe. Padre aliusifu mwandiko.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekataa, mjomba wetu wa Lipingo. Tulimpelekea habari, akarudisha jibu: "Mgomba siulilii. Leteni maiti nitakuja." Tukasema watu wa ziwani wana dharau.

Miezi mitatu baadaye Jerome na Hilda walifunga ndoa. Nilipika pilau.

Sasa turudi kwenye gari la hospitali. Dereva na muuguzi aliyemsindikiza Skola walikuwa na haraka, walikuwa na wengine wawili wa kuwafikisha Ngumbo kabla mvua haijafunga njia. Karatasi ilisema mgonjwa amepata nafuu, aendelee na matibabu zahanati iliyo karibu, atunzwe na jamii. Muuguzi akanieleza kwamba utaratibu umebadilika. "Zamani tuliwaweka, bibi. Sasa tunawarudisha. Mtu akikaa na watu wake anapona zaidi."

"Na kama watu wake wameshamzika?" nikamwuliza.

Akacheka, akadhani ni utani wa kibibi. Akanipa kalamu nisaini. Nikasaini.

Jamii. Nimelifikiria sana neno hilo. Anayeliandika ofisini labda anawaona watu wamekaa mkekani wanamngoja mgonjwa na uji wa moto. Jamii ya Skola ilikuwa mimi, mjane mwenye goti bovu. Pankras, aliyeongoza ibada ya mazishi yake. Na Jerome, aliyeliona gari likipita akaingia ndani akafunga mlango mchana kweupe.

Alikuwa kanenepa, mikono inatetemeka kwa dawa, meno ya mbele hayapo. Mdomo ulikuwepo. Siku ya tatu alikwenda kuliona kaburi la mama, akarudi ananitazama.

"Dada, pale kando ya mama, ni nani mwenye jina langu?"

"Ni wewe."

Akakaa chini kwenye kizingiti. "Nilikufa na nini?"

"Malaria."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Malaria! Miaka yote hiyo wananimezesha vidonge vya kulalisha ng'ombe, kumbe niliuawa na mbu! Mlilia lakini?"

"Tulilia."

"Na wewe?"

"Nililia."

Kisha akasema, "Pankras alipokuja kule nilimwambia, mwambie dada aniandikie, mwandiko wake naujua. Nilisubiri barua."

Pankras hakunipa maneno hayo. Lakini nani alinikataza kuandika bila kuambiwa?

Jumapili iliyofuata tuliwaita watu wa ukoo. Tulikula kwanza pamoja, kama wazee walivyokuwa wakila kwenye sengu, baraza la ukoo, chakula mbele maneno nyuma. Skola aliosha mikono, akasema mwenyewe, hakungoja kusemewa.

"Mume sitaki. Jerome abaki na mwenzake. Shamba mkinipa nitashukuru, msiponipa nitalima la dada. Naomba kimoja tu. Ng'oeni ule msalaba, na padre aambiwe niko hai."

Pankras akajikohoza kama anayetaka kusoma somo. "Mdogo wangu, unajua unachoomba? Ukiwa hai, Jerome ana wake wawili. Hilda ni kiongozi wa akina mama hapa kigangoni. Watoto wake wamezaliwa ndani ya ndoa. Na barua tulisaini sisi."

"Kwa hiyo nife ili Hilda akomunike?"

"Nani kasema ufe? Si wewe huyu unayekula na sisi? Yale ni ya kwenye karatasi tu."

"Kama ni ya kwenye karatasi tu, yafute."

Wazee walitazama sahani zao. Mmoja akasema kaburi likifukuliwa na ndani hamna mtu, litatafuta mtu. Likakatwa shauri kwamba padre ataarifiwa, padre ataandika jimboni, na jibu likija tutajua. Padre alisema ameandika. Kisha akahamishwa. Aliyekuja baada yake akasema barua hiyo haioni.

Hilda alikuja kwangu wiki ileile na kikapu cha maharage. Simchukii Hilda, na sikumchukia siku ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mimi sikumuua mtu, mama. Niliambiwa Jerome ni mgane, nikaolewa na mgane."

"Najua, Hilda."

"Sasa mkimfufua yeye, mimi mnaniweka wapi?"

Skola akamjibu kutoka jikoni: "Hilda, karibu tupepete hayo maharage! Usiogope, mimi si mzimu. Mzimu hauwi na njaa hivi!" Hilda aliacha kikapu pale pale na kushika njia.

Gaudiosa naye alikuja, mara moja. Ameolewa Kigonsera, ana mtoto wa kwake. Aliamkia, akakaa pembeni ya kiti, akamwacha Skola amshike mtoto kidogo sana, huku mikono yake mwenyewe imenyooshwa tayari kumpokea. Nje akaniambia, "Mama mkubwa, kila Novemba nimemlilia mama yangu. Machozi yale nilimlilia nani?" Hakurudi tena.

Sasa nimseme Albina, muuguzi wa zahanati yetu, maana kwenye habari hii ndiye mtu peke yake aliyefanya alichosema. Binti mfupi wa Ngumbo, mwenye sauti ya kuuzia samaki. Kulikuwa na semina ofisi ya kijiji. Tukaambiwa kuwafungia wagonjwa wa akili ni mwiko sasa, kuna kliniki yao kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, dawa ziko hapa hapa, hakuna tena kwenda mbali. Mwenyekiti wa kijiji alipiga makofi kuliko wote. Ndiye aliyetupigilia komeo la stoo mwaka 1997.

Skola alipokwenda kliniki mara ya kwanza, Albina akafungua daftari, akauliza jina.

"Andika taratibu, mwanangu," Skola akamwambia. "Jina hilo ni la marehemu."

"Mama, daftari langu ni la wazima tu. Maiti simchomi sindano, atanikaba."

Tulipokuwa tunarudi Skola alitembea kwa haraka kuliko mimi. "Daftari la yule mtoto," akasema, "ndilo pekee nililoandikwa napumua."

Albina hakuwa na maneno mengi ya kufariji. Kila mwezi akishamaliza sindano aliuliza, "Wiki hii umekata tamaa siku ngapi?" Hakuuliza kama umekata tamaa au la. Aliuliza ngapi. Skola alikuwa anajibu kwa vidole. Nne. Tano. Mara moja alinyoosha viwili.

"Na siku zilizobaki ulifanya nini?"

"Nilichimba."

Kweli alichimba. Nilimpa kipande cha juu, kilichoachwa tangu mume wangu afariki. Hakukuwa na mwanamume wa kutulazia majani, akayafyeka na kuyalaza mwenyewe, kazi ambayo mwanamke kwetu haifanyi, na wanawake wenzake wakapita njiani wakimtania: "Skola, umekuwa mume na mke!" Akawajibu, "Afadhali mimi ninao wote wawili, ninyi wa kwenu yuko kilabuni!" Walicheka. Lakini kikombe alichonywea kwenye msiba wa jirani nilikiona kimewekwa kando, hakikuoshwa pamoja na vingine.

Mwaka wa pili dawa ilikwisha zahanati, miezi miwili. Albina aliandika, alipiga simu, alikwenda mwenyewe wilayani, akarudi na mikono mitupu na macho mekundu. Skola alikaa miezi ile miwili bila usingizi wa maana, akichimba tangu kunakucha. Alichimba mpaka pasipohitaji shimo. Hakutukana mtu. Kila Jumapili aliniuliza, "Jimboni wamejibu?" Nami najibu bado.

Ndipo ikafika Novemba ya 2022. Kwetu Siku ya Marehemu Wote kila familia inapeleka orodha ya wafu wake isomwe kanisani. Orodha yetu naiandika mimi, tangu baba alipofariki. Nilipochukua daftari, Pankras akaja.

"Jina la Skola liache humo, dada."

"Pankras, yuko jikoni anamenya viazi."

"Mwaka huu tu. Padre ni mgeni, ameuliza habari za ndoa ya Jerome, kuna mtu kamnong'oneza. Akiona mwaka jana jina limo na mwaka huu limetoka, atauliza zaidi. Jibu la jimbo likija tutalitoa kwa utaratibu. Skola mwenyewe jana kachomwa sindano, kliniki mwezi huu iliwahishwa, na siku ya pili huwa analala mpaka jioni. Hatakuja."

Ningeweza kusema hapana. Nina umri wa kumkemea Pankras, nimemfuta kamasi. Lakini barua ya malaria ilikuwa ya mwandiko wangu, na padre mgeni angeiomba aione. Niliona aibu juu ya jina langu. Nikaandika jina lake, la tisa, kwa wino wa bluu.

Skola alikuja. Alijilazimisha, akavaa kitenge changu, akakaa benchi la nyuma upande wa wanawake. Mimi nilikuwa mbele sikumwona. Pankras akaanza kusoma, familia moja moja. Akafika kwetu. Baba. Mama. Leopold. Mume wangu. Akaendelea. Kisha akasoma, "Scolastika."

Nyuma ikatoka sauti: "Nipo!"

Nieleweni vizuri. Hakufanya kiburi. Kule hospitali miaka ishirini na minne waliitwa majina kila asubuhi, na anayeitwa anaitika nipo. Mdomo uliitika wenyewe, wa mtu aliyeamka na dawa kichwani. Watoto wakaangua kicheko. Mwanamke mmoja akapiga ishara ya msalaba na kusogea mwisho wa benchi. Padre akainua kichwa. Pankras akasoma jina linalofuata.

Nikageuka. Skola alikuwa amesimama, mkono juu, kama mwanafunzi. Akaniangalia mimi, si Pankras. Alijua orodha inaandikwa na nani.

Alhamisi ya kliniki iliyofuata Albina alimwuliza, "Wiki hii siku ngapi?"

"Saba."

Akakataa sindano. "Sindano ya nini?" akasema bila hasira. "Nimeitwa mbele ya kanisa zima, nimeitika, na bado sipo."

Albina alinivuta pembeni. Hakunisema, ingawa alikuwa ameshasikia, kijiji kizima kilisikia. "Bibi, usimwache peke yake. Kaa naye. Ongea naye hata kama hajibu. Mimi nitapita kila siku." Na alipita. Skola alilala amegeukia ukuta. Hakuchimba.

Siku ya nne Pankras akaja akasema anaogopa, mtu huyu atajidhuru au atadhuru watu, na Albina si wa kulinda mtu mchana kutwa. "Tumfungie kidogo tu stoo, dada. Mpaka atulie. Uji utampelekea wewe." Macho yangu yalikwenda kwenye mlango wa stoo. Komeo bado lipo. Sikusema ndiyo, naapa sikusema. Nilitazama tu, nikahesabu moyoni ni nani atanisaidia kulisukuma. Nilipogeuka, Skola alikuwa mlangoni amesimama na kikombe cha maji. Aliniona nikilitazama.

Asubuhi hakuwepo.

Tulimtafuta siku tano. Mtoni, mashambani, Kigonsera kwa Gaudiosa, njia ya Mbinga mjini. Siku ya tano Pankras akakaa uwanjani kwangu, akafuta jasho, akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayekuletea habari njema, "Dada, angalau kaburi lipo tayari."

Nikaenda ndani nikachukua jembe.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka, watu wanachuma maharage. Niling'oa msalaba kwanza. Kisha nikafukua, na goti langu hili, na hakuna aliyenisaidia. Walikuja wakasimama kwenye mibuni wakitazama bibi anatafuta kifo chake. Chini hapakuwa na kitu. Udongo mweusi mzuri, laini, na vifungo vinne vya blauzi ya kijani.

"Umetuvua nguo, dada," Pankras akasema.

"Nguo mliuvisha mgomba."

Jioni Albina alinijia anahema. Mwenzake wa kliniki ya Lipingo amepiga simu. Kuna mwanamke kashuka kutoka milimani kwa miguu, miguu imevimba, kafika na kadi ya kliniki ya Albina ndani ya sidiria. Kauliza, "Hapa mnachoma sindano za akili?" Wamemchoma. Yuko kwa watoto wa mjomba wake.

Nilishuka wiki ile. Nilimkuta ufukweni na binamu yetu Hildegardi, wanaanika usipa juu ya chanja, na yeye ndiye anayepitisha mkono kuwageuza vile visamaki. Mkono ulikuwa haujaacha kutetemeka, na kwa kazi ile kutetemeka kunasaidia, usipa wanatawanyika vizuri. Hildegardi alinikaribisha kwa heshima, akaenda kutafuta maji na hakurudi upesi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nimefukua, Skola. Msalaba nimeung'oa."

Nikampa ubao wa jina, niliubeba kwenye kikapu, na vifungo vinne. Vifungo akavitia mfukoni. Ubao akausoma polepole.

"Mwandiko wako."

"Wangu."

"Mzuri." Akainama, akauingiza chini ya mguu wa chanja uliokuwa unazama mchangani, akaukanyaga ukakaza. Akatikisa chanja. Haikuyumba.

"Utarudi lini?" nikamwuliza.

"Nirudi kwa nani, dada? Kwa wafiwa?"

"Nimekwambia nimefukua."

"Ulifukua nilipokwisha ondoka. Nikiwepo uliandika." Hakupandisha sauti. Aligeuza usipa wa mstari mzima kabla hajasema tena. "Huku mjomba hakunililia. Hakuna mtu aliyezoea nisiwepo. Nimekuja, wamenipa kazi, basi. Yule nesi wa huku naye anauliza siku ngapi."

"Ngapi?"

"Wiki hii tano. Usifurahi."

Alinifungia usipa kwenye gazeti. "Nusu umpe Hilda. Mwambie akomunike kwa amani."

Hilda aliupokea. Anakomunika. Jimboni hawajajibu mpaka leo. Albina wamemhamishia wilaya nyingine, na aliyekuja badala yake yuko peke yake kwa chanjo, wajawazito na kliniki ya akili, na Alhamisi ya kwanza mara nyingi nakuta mlango umefungwa. Karatasi ya semina bado imebandikwa ofisi ya kijiji, jua limeifuta maneno. Orodha ya marehemu siiandiki tena mimi, anaiandika Pankras kwa mwandiko wa kuku. Jina la Skola limo, maana utaratibu haujakamilika. Mwaka jana alipolisoma nilisimama na kuitika, "Yupo!" Padre alidhani ni uzee. Pankras akasoma linalofuata.

Pankras simlaumu kuliko ninavyojilaumu, na mimi sijilaumu kwa kelele. Naandika barua. Kila mwezi moja, kurasa mbili, namweleza nani kazaa, nani kafa kweli, kipande chake cha juu kimetoa maharage kiasi gani bila kuchimbwa upya. Nimeshamwandikia barua kumi na tisa. Hajajibu hata moja. Niliuliza kama zinafika. Hildegardi akasema kwenye simu, "Zinafika, dada. Anazisoma zote mpaka mwisho. Kisha anazifungia usipa."

Nasubiri barua.